Dohani Kuukuu: Mambo Yanayoonekana Darini

Katika nchi za baridi kama Uingereza, nyumba nyingi za zamani zina dohani, yaani mnara wa matofali unaoanzia mekoni chumbani, ukapanda pamoja na ukuta, ukavuka dari na kutokeza juu ya paa ili utoe moshi. Kwa msomaji wa pwani au wa kandokando ya ziwa jambo hili laweza kuwa geni kidogo. Lakini mtu wa Limuru, wa Molo au wa Kericho, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, analijua vizuri, kwa maana walowezi waliotoka Uingereza walijenga huko nyumba zao kwa namna waliyoizoea kwao, na baridi ya mwezi wa Julai iliwapa sababu ya kutosha. Baadhi ya nyumba hizo zingali zimesimama, na wanaokaa ndani yake leo wamerithi dohani pamoja na maradhi yake.

Mtu akitaka kujua afya ya dohani kuukuu, hawezi kuijua kwa kusimama uani na kukodoa macho juu ya paa. Atakachokiona ni kichwa cha dohani tu, nacho aghalabu kimekwisha kupakwa saruji mara mbili au tatu. Wala hawezi kuijua kwa kukaa sebuleni, kwa sababu huko matofali yamefunikwa kwa lipu na rangi, na pengine picha ya harusi imetundikwa juu yake. Mahali pekee ambapo dohani imeachwa uchi ni darini, katika lile giza lililo kati ya dari ya chumba na paa. Mwashi aliyeijenga hakuona haja ya kuipamba mahali ambapo hapana mgeni atakayefika. Kwa hiyo kila ufa, kila doa na kila kiungo kilichokwisha nguvu huonekana huko waziwazi. Na ndiko huko huko ambako dohani huzungukwa na mbao nyingi kuliko mahali pengine pote nyumbani. Hata hivyo wako watu wakaao katika nyumba miaka ishirini pasipo kupanda ngazi hata mara moja kwenda kutazama.

MOTO ULIOLETA MATOFALI

Zamani nyumba za miji ya Uingereza zilikuwa za mbao kwa sehemu kubwa. Moto mkubwa wa London wa mwezi wa Septemba, mwaka 1666, uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000, na sheria iliyotungwa mwaka uliofuata iliamuru kuta za nje za nyumba mpya za mji ule zijengwe kwa matofali au kwa mawe.

Kabla ya hapo, mwaka 1662, Serikali ilikuwa imeanza kutoza kodi ya meko, shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko. Kodi hiyo ilichukiwa mno hata ikafutwa mwaka 1689. Kenya nayo iliijua kodi ya kibanda tangu mwaka 1901, na watu waliojibana wengi katika kibanda kimoja ili walipe kidogo. Basi haitashangaza kusikia kwamba Waingereza nao walitafuta hila. Mwaka 1684, katika kijiji cha Churchill, jimbo la Oxfordshire, mwoka mikate mmoja alitoboa ukuta ili moshi wa tanuri lake utoke kwa dohani ya jirani, na hivyo asihesabiwe meko yake. Moto ukatokea. Nyumba zipatazo ishirini ziliteketea na watu wanne wakafa. Kosa lake, yaani tundu katika dohani mahali pasipostahili kuwa na tundu, ndilo hasa linalotafutwa darini hata leo.

JINSI DOHANI ILIVYOUNGWA

Chukua mfano wa nyumba ya matofali iliyojengwa mjini Leeds mwaka 1890, mojawapo ya zile zilizopangwa safu moja ndefu, kila moja ikishikana ukuta na mwenzake. Chini ina vyumba viwili na juu viwili, na kila chumba kina meko. Kila meko ina njia yake ya moshi, upana wa sentimita 23 hivi kila upande. Njia hizo nne hupanda ukutani zikiwa mbalimbali, kisha zikifika darini huinama na kukaribiana, zikaungana na zile za nyumba ya jirani, na zote zikatokea juu ya paa kama mnara mmoja. Mtu akitazama kutoka nje hudhani kwamba ni bomba moja kubwa. Sivyo. Ni kama kifungu cha mianzi, na kinachotenga njia na njia ni ukuta mwembamba wa nusu tofali.

Ndani, njia zile zilipakwa chokaa iliyochanganywa na mavi ya ng'ombe. Msomaji ambaye mama yake au bibi yake amewahi kukandika nyumba hatacheka, maana mchanganyiko huo hushika vizuri na haupasuki upesi kwa joto. Lakini baada ya miaka mia moja na zaidi ya moto, chokaa ile hubanduka vipande vipande, na moshi hubaki ukigusa matofali na viungo vyake. Kanuni za ujenzi za mwaka 1965 ndizo zilizolazimisha katika Uingereza kwamba njia za moshi za nyumba mpya ziwekwe mabomba ya ndani, kama ya udongo wa kuchoma. Nyumba ya mwaka 1890 haina kitu cha namna hiyo, isipokuwa imetiwa baadaye.

Pale njia zinapoinama darini ndipo masizi hukusanyika zaidi, na ndipo watoto waliokuwa wakitumwa kuzisafisha walipokuwa wakikwama. Ni habari ya aibu katika historia ya nchi ile: watoto wadogo walipandishwa ndani ya dohani kwa mikono na magoti, na ijapokuwa sheria ya mwaka 1840 ilikataza, mabwana wengi hawakuijali. Mwaka 1875 mtoto mmoja, jina lake George Brewster, alikwama ndani ya dohani ya hospitali huko Cambridgeshire akafa, na sheria ya mwaka ule ule ndiyo iliyoikomesha kazi hiyo.

KUPANDA DARINI

Mwenye nyumba anayetaka kuikagua dohani yake na auache moto uzimike kabisa tangu jana yake. Achukue kurunzi yenye nguvu, kitambaa au barakoa ya kuzuia vumbi, bisibisi kuukuu, timazi, na ubao mpana wa kukanyagia. Ubao si anasa. Dari ya lipu haiwezi kubeba mtu. Mwenye kukosea hatua moja kati ya boriti na boriti, mguu wake utatokea katika chumba cha kulala. Akikuta bomba la kijivu la saruji ya zamani linalopitisha moshi darini, asilikwaruze wala kulikata, kwa sababu mabomba ya namna hiyo mara nyingi yalichanganywa na nyuzi za asbesto, ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya kila namna mwaka 1999, lakini zilizokwisha kujengwa ziliachwa mahali pake.

Kwanza na atazame mbao. Katika nyumba za zamani mafundi walikuwa na tabia ya kuegemeza boriti ya paa juu ya dohani, au hata kuchimbia ncha yake ndani ya matofali, kwa kuwa ilikuwa njia rahisi ya kuishika. Kanuni za leo za Uingereza hutaka ubao uwe mbali na uso wa ndani wa njia ya moshi kwa milimita 200 zisizopungua, ama uwe mbali na uso wa nje wa matofali kwa milimita 40. Sababu yake haionekani kwa macho mara moja. Ubao mpya hauwaki kwa urahisi. Huhitaji joto la digrii 250 au zaidi. Lakini ubao uliokaa karibu na joto kwa miaka mingi hukauka na kugeuka taratibu kuwa kitu kama makaa, na makaa huwaka kwa joto dogo zaidi. Ndiyo sababu nyumba yaweza kukaa miaka hamsini kwa salama, na usiku mmoja wa baridi kali moto ukaanzia darini, na watu wakashangaa na kusema dohani ilikuwa ikitumika siku zote bila shida. Ubao ulioanza kugeuka rangi ya kahawia iliyokoza, au wenye ncha nyeusi mahali unapogusa matofali, umekwisha kutoa onyo.

Hali kadhalika na atazame vitu vilivyoletwa baadaye. Sufi ya kuzuia baridi husukumwa mpaka ikagusa dohani. Nyaya za umeme hupitishwa juu yake. Na masanduku ya nguo na magazeti ya zamani hupangwa kando yake kwa kuwa mahali pale pana joto na pakavu.

Kisha na ashike bisibisi na kuichoma polepole katika viungo vya matofali, hapa na pale. Kiungo kizima hukataa. Kiungo kilichooza huipokea bisibisi kama unga, na mchanga humwagika. Chini ya dohani kama hiyo mara nyingi pana chungu dogo la mchanga sakafuni, na wenye nyumba hulifagia bila kuuliza limetoka wapi. Viungo vikiwa tupu, mwenge wa kurunzi waweza kupenya upande wa pili, na panapopenya mwanga pataponya moshi vile vile, na cheche nazo.

Madoa yana lugha yake. Doa jeusi juu ya tofali, lenye umbo la moshi, maana yake ni kwamba moshi unavuja mahali pale pale. Doa la kahawia linalong'aa na kunuka lami ni utomvu wa moshi wa kuni, uitwao kreosoti, uliopenya mpaka nje. Unga mweupe kama chumvi ni chumvi kweli, iliyoletwa na maji yaliyopita katika matofali na kukauka. Maji hayo yaweza kuwa ya mvua, yaliyoingia pale dohani inapopenya paa, ambapo mabamba ya risasi yaliyoziba yamechanika au yameibwa. Wezi wa risasi hawakosekani. Kwa hiyo yafaa kupanda mara ya pili siku ya mvua, kwa maana doa kavu halisemi lini lililowa.

Timazi nayo itaonyesha kama dohani imeinama. Dohani nyingi za Uingereza zimeinama, na si kwa sababu msingi umezama. Makaa ya mawe yana salfa, na gesi yake ikikutana na maji ndani ya njia ya moshi huingia katika viungo na kuvifanya vivimbe. Upande unaokaa na unyevu zaidi huvimba zaidi, basi dohani hujipinda kuelekea upande wa pili, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka.

DOHANI ISIYO NA MIGUU

Liko jambo moja ambalo mkaguzi hutafuta kwa hofu kuliko yote. Mwezi wa Desemba 1952, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa uliufunika mji wa London siku tano, na watu maelfu walikufa. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 ilifuata, na kati ya mwaka 1967 na 1977 nyumba za nchi ile zilibadilishwa zitumie gesi iliyotoka chini ya bahari. Meko nyingi zikaachwa baridi. Wenye nyumba wakaziona kuwa zinakula nafasi ya chumba bure, wakawaita mafundi wabomoe ile sehemu ya matofali iliyo ndani ya vyumba, ili waweke kabati au kitanda kikubwa.

Fundi mwangalifu huweka kwanza boriti ya chuma, na mkaguzi wa ujenzi wa mji huja kuitazama. Fundi mwingine hubomoa vyumbani, husawazisha ukuta, hupiga rangi, huchukua fedha zake na kwenda. Dohani iliyobaki darini na juu ya paa haina tena kitu chini yake. Meta moja ya ujazo wa matofali yaliyojengwa hukaribia kilo 1,900, sawa na mifuko 38 ya saruji ya kilo hamsini hamsini, na mzigo huo umening'inia juu ya kitanda cha mtu kwa nguvu ya viungo vya chokaa kuukuu, au kwa vipande viwili vya mbao vilivyokingamishwa na kupigwa misumari. Anayenunua nyumba haoni neno lolote vyumbani. Huona chumba kizuri, kipana. Akipanda darini ataiona dohani imesimama sakafuni juu ya mbao za dari, wala hapana matofali chini yake. Akikuta hivyo, asiguse kitu, asibishe, asipande tena pamoja na watoto. Na ashuke, ahamishe kitanda, na amwite mhandisi wa majengo.

Kuiacha dohani baridi na kuiziba juu na chini pia kuna matata yake, ijapokuwa si ya kuua. Masizi ya zamani yana chumvi zinazovuta unyevu kutoka hewani. Njia ya moshi isiyopitisha hewa hubaki na maji, na madoa hutokea ukutani hata wakati wa kiangazi. Watu hupaka rangi juu ya madoa, nayo hurudi. Dohani isiyotumika na iachiwe tundu dogo la hewa chini na kofia juu, ya kuzuia mvua na ndege. Kunguru wadogo wa nchi ile hupenda mno kujaza vijiti ndani ya dohani.

HEWA ISIYO NA HARUFU

Moto ni adui anayeonekana. Adui mwingine ni gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, itokayo penye moto usiopata hewa ya kutosha. Kila mwaka katika Kenya husikika habari za watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa na hawakuamka. Gesi ile ndiyo iliyowaua. Hushika damu kwa nguvu kupita hewa safi zaidi ya mara 200, hata damu isiweze tena kuchukua hewa ya uhai. Dohani iliyozibwa na kiota, au yenye ukuta wa kutenga uliobomoka ndani, huweza kuirudisha gesi hiyo katika chumba kingine kabisa. Katika zile nyumba za safu, ambapo pengine hapana ukuta kamili kati ya dari ya mtu na dari ya jirani, moto wa mmoja waweza kumwumiza mwenzake aliyelala upande wa pili, ambaye hakuwasha chochote. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, mwenye kupangisha nyumba huko England amelazimishwa kuweka kengele ya gesi hiyo katika kila chumba kinachokaliwa chenye chombo cha kudumu cha kuchoma fueli, isipokuwa jiko la gesi la kupikia.

Fundi hujaribu njia ya moshi kwa kuwasha kidonge cha moshi mzito mekoni na kuziba juu, huku mwenziwe yuko darini na kurunzi. Moshi ukionekana darini, jibu limepatikana.

NYUMBA ZA NYANDA ZA JUU

Huku Kenya tofauti kubwa ni kuni. Makaa ya mawe huleta salfa, bali kuni huleta kreosoti, na kuni mbichi huileta kwa wingi sana, kwa kuwa moto wake ni wa baridi na moshi wake ni wa maji. Mkaratusi uliokatwa wiki iliyopita hautakiwi mekoni. Na upasuliwe, upangwe penye upepo chini ya kipaa, ukae kiangazi kizima. Utando wa ndani ukifika unene wa milimita tatu, ni wakati wa kusafisha. Ukiachwa, siku moja utashika moto wenyewe, na dohani itanguruma kama gari moshi linalopita juu ya paa. Joto lake laweza kufika digrii 1,100. Hapo watu wote na watoke nje na kuita zimamoto, wala wasimwage ndoo za maji ndani ya dohani yenye moto, kwa kuwa maji ya baridi huyapasua matofali. Moto ukizimika, mahali pa kwanza pa kutazamwa ni darini, na patazamwe tena baada ya saa kadhaa, kwa sababu ubao huweza kufuka polepole bila mwali.

Nyumba nyingi za huku zimeezekwa kwa mabati, na dari zake ni mbao nyembamba au karatasi ngumu, ambazo huwaka upesi kuliko lipu. Nyuki nao huona dohani iliyoachwa kuwa mzinga mzuri kabisa, na mwenye kuwasha moto chini yao bila kutazama atajuta mara mbili, kwa ajili ya nyuki na kwa ajili ya nta iyeyukayo.

Katika matengenezo, kosa linalorudiwa sana ni kuziba viungo vya zamani kwa saruji ngumu. Matofali ya zamani ni laini, na saruji hukataa maji yasitoke, basi maji hutokea katika tofali lenyewe na kulimega uso. Viungo vya chokaa na vitengenezwe kwa chokaa na mchanga. Ikiwa njia ya ndani imeharibika, wenye kutaka kuendelea kuwasha moto hushusha bomba la chuma kisichoshika kutu kutoka juu mpaka mekoni, kazi ya siku moja au mbili kwa fundi aijuaye. Na akimaliza, mwenye nyumba na apande naye darini, moto ukiwa umewaka saa mbili, aweke kiganja chake juu ya matofali. Yakiwa na vuguvugu, vema. Yakiwa ya moto hata kiganja hakiwezi kutulia, fundi asilipwe bado.